Wanafunzi wa Jioni wa Tolliver

Basi la mwisho lilikuwa limekwisha kuondoka. Vernita Stribling, mwalimu mkuu wa shule ya umma ya Tolliver, alikuwa amesimama juu ya kiti cha mwanafunzi akibandika karatasi ya nailoni kwenye dirisha la maktaba, kwa sababu kioo kilipasuka tangu majira ya baridi na kingine hakikuletwa. Katika ofisi ya mbele, Fontella Mabry, karani wa shule, alikuwa anafunika mashine ya kutoa nakala kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Nje, jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa mashamba ya pamba, na mvua ilinukia kutoka upande wa mto.

Mtu akagonga kaunta kwa vifundo vya vidole. Kengele ilikuwepo, lakini hakuigusa.

Fontella akainua macho. Mbele yake alisimama bibi mwembamba mwenye gauni jeupe la wahudumu wa kanisani na glavu nyeupe mikononi. Miguu yake ilikuwa mitupu.

"Hujambo, mwanangu. Nimekuja kuandikishwa."

"Unamwandikisha mjukuu?"

"Najiandikisha mimi."

Fontella akamtazama vizuri, akamtambua kutokana na picha iliyokuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Alikuwa Ozella Stribling, bibi yake Vernita mzaa baba, aliyezikwa Vernita akiwa darasa la kwanza. Fontella akatafuta kalamu inayoandika.

"Unakaa wapi, mama?"

"Nyuma ya kanisa la Mlima Nebo. Safu ya tatu ukitokea kwenye uzio."

Fontella akafikiri kidogo. Mpaka wa eneo la shule ulifuata mfereji mkubwa, na makaburi ya Mlima Nebo yalikuwa upande wa ndani wa mfereji.

"Ni ndani ya eneo letu," alisema. "Una kitu cha kuthibitisha? Bili ya umeme? Bili ya maji?"

"Nina jiwe. Wanasema lina jina langu."

"Jiwe linatosha. Chanjo?"

"Mwanangu, ugonjwa gani tena utanipata?"

Fontella akaandika kwamba chanjo hazihitajiki. Kisha akageuza shingo kuelekea maktaba, akaita, "Mwalimu! Tumepata mwanafunzi mpya. Ni wa kwenu."

Vernita akashuka kwenye kiti, akafuta gundi mikononi, akaja. Alipomwona bibi yake alimkumbatia kwa muda mrefu. Ozella alinukia karafuu na udongo wenye maji.

"Umekonda, Nita," Ozella alisema.

"Nimezeeka, Bibi. Nimekupita umri wako."

"Naona. Hilo halikupi ruhusa ya kutokula."

Mwaka huo shule ya Tolliver ilikuwa inapigania uhai wake. Bunge la jimbo lilikuwa na mswada wenye sehemu mbili. Ya kwanza ilisema mzazi apewe fedha za serikali ampeleke mtoto katika shule yoyote ya binafsi aipendayo. Ya pili ilisema shule ya umma itakayobaki na wanafunzi wachache ifungwe, na watoto wake wapelekwe makao makuu ya kaunti, safari ya zaidi ya saa nzima kwa basi. Tolliver ilikuwa na wanafunzi wachache. Pamba ilikuwa inavunwa na mashine, kiwanda cha kusafisha kambare kilikuwa kimehama, na vijana walikuwa wamefuata kazi Memphis na Chicago. Ng'ambo ya reli kulikuwa na shule ya binafsi iliyojengwa mwaka uleule mahakama ilipoamuru watoto weusi na weupe wakae darasa moja. Huko watoto walipimwa mlangoni, na asiyefaa alirudishwa kwa tabasamu.

Vernita alikuwa amezunguka kaunti nzima akizungumza juu ya mswada ule. Alizungumza kwenye duka la mbolea, kwa kinyozi, na kwenye mlo wa baada ya mazishi, watu wakiwa na kuku na mkate wa mahindi mikononi. Kila mahali alisema jambo lilelile: shule ya umma ni ile isiyoweza kumwambia mtu wa eneo lake hapana. Watu waliitikia, wakamsifu, wakarudi kwenye sahani zao.

"Nilikusikia," Ozella alimwambia jioni ile. "Siku mliyomzika binti wa Turnage. Ulisimama karibu na kichwa changu ukasema mlango wenu haumrudishi mtu. Sauti inafika kule chini. Ulisema mtu yeyote?"

"Nilisema, Bibi."

"Basi."

Vernita akawasha taa ya darasa la kwanza.

Ozella alikuwa amefika mlango wa shule mara moja tu alipokuwa hai. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa pale tu pamba isipokuwa na kazi, na pamba ilikuwa na kazi karibu mwaka mzima. Yeye alikuwa kifungua mimba. Wadogo zake walikwenda, yeye akavuta gunia. Ukubwani alishika kitabu cha nyimbo kanisani kila Jumapili, akageuza ukurasa jirani yake alipogeuza, na alizijua nyimbo zote kwa moyo, kiasi kwamba mume wake mwenyewe alichelewa miaka kugundua kwamba hajui kusoma.

"Maisha yangu yote neno la Mungu nimelipokea kwa mkono wa mtu mwingine," alisema, akijibana kwenye kiti kidogo cha darasa la kwanza. "Kama mtoto anayelishwa. Sinung'uniki, nilishiba. Lakini nataka nile mwenyewe walau mara moja. Nisome kitu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu asinisaidie."

Sheria ya nchi haimruhusu mwalimu wa umma kuongoza sala darasani, na Vernita hakuivunja. Alitoka kwenye korido, akaegemeza paji la uso kwenye makabati ya watoto, akasali hapo peke yake, ndipo akarudi na chaki. Wakaanza na herufi A.

Jioni zilizofuata wakaja wengine. Akaja Shemasi Hosea Turnage, aliyekuwa akitia saini yake kwa alama ya msalaba. Wakaja dada wawili waliokufa kwa homa siku moja, na mpishi aliyepikia nyumba za watu weupe kwa vitabu vya mapishi asivyoweza kuvisoma, akikisia kwa picha. Wote waliingia kiubavu, migongo ikitambaa ukutani, wakaenda kukaa safu ya nyuma. Safu ya nyuma ilipojaa, waliofuata walikataa kukaa mbele. Wakasimama.

Fontella ndiye aliyeelewa. Mjomba wake alifanya kazi ya kuandaa wafu. Nguo ya marehemu hupasuliwa mgongoni ili avalike kwa urahisi, na kwa kuwa hulala chali, hakuna anayeona. Kesho yake alileta pini za kubania nepi. Akasimama mlangoni, akamgeuza kila mmoja taratibu, akaifunga nguo yake toka shingoni hadi kiunoni, kama mama anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Baada ya hapo wakakaa popote.

Jioni moja alikuja mtu mweupe, mrefu, mwenye suti ya kahawia iliyotiwa viraka kwenye viwiko. Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Alikuwa Dub Sawyer, aliyelima shamba la watu kwa nusu ya mavuno mpaka kifua kikamwua.

"Sisi wa makaburi ya upande ule," alisema, "tunaruhusiwa?"

"Unakaa ndani ya mfereji?" Vernita akauliza.

"Ndani, mama."

"Ingia."

Shemasi Turnage akamtazama akipita. "Ng'ambo ya reli si mna shule yenu?"

"Kule kuna ada, Shemasi. Na wanaangalia viraka."

"Haya, kaa. Ila usinipumulie shingoni."

"Sipumui."

"Hata mimi," alisema Turnage, akamsogezea kiti.

Watoto walio hai walizoea upesi. Asubuhi walikuta udongo kidogo juu ya madawati yao, wakaupangusa kwa kiganja, wakafungua vitabu. Binti mmoja wa darasa la tatu, Deja Rials, ambaye alitembea kwa magongo na hakupenda kucheza nje, alianza kubaki hadi jioni ili amsaidie Ozella herufi za B na D. Alizichanganya yeye mwenyewe zamani, kwa hiyo alijua zinavyodanganya.

Ilipofika siku ya kupeleka idadi ya wanafunzi serikalini, Fontella aliwahesabu wote. Idadi ilivuka kiwango cha mswada, na ziada ikabaki. Mtu wa ofisi ya jimbo akapiga simu.

"Nimeona hapa mna wanafunzi wengi wa darasa la kwanza waliozaliwa karne iliyopita. Mwanzoni mwa karne."

"Ni wafu," Fontella alisema.

"Ahaa. Wanahudhuria?"

"Kuwashinda walio hai."

Ilisikika sauti ya mtu akinywa kitu. "Mimi binafsi sina neno," akasema. "Lakini kompyuta inataka tarehe ya makadirio ya kuhitimu. Hilo itabidi mkaliseme kwenye kamati, siku ya mswada."

Siku ya mswada, basi la njano la shule liliondoka Tolliver alfajiri. Dereva alikuwa Lemuel Cobb, mtu wa maneno mengi. Wafu walilala kwenye viti na kofia zao usoni, maana jua huwachosha. Walio hai walikuwa watatu: Vernita, Fontella na Cobb.

"Kwa mara ya kwanza katika kazi hii," Cobb alisema wakiwa barabara kuu, "nimebeba abiria wasiorushiana karatasi."

"Endesha, Lemuel," Vernita alisema. Alikuwa anakariri hotuba yake. Alikuwa amepewa dakika mbili.

Katika jengo la bunge, mji mkuu wa jimbo, kamati ya elimu ilianza asubuhi. Waliosikilizwa kwanza ni wenye shule za binafsi, kisha watu wa vyama, kisha baba mmoja aliyekuja na picha za watoto wake. Watu wa mbali waliwekwa mwisho, kama kawaida. Vernita alikaa kwenye benchi la marumaru tangu asubuhi, akala biskuti za jibini kutoka kwenye mkoba wa Fontella, akasali. Hakuomba kushinda. Aliomba asisahau maneno.

Jina la Tolliver lilipoitwa, jua lilikuwa limezama nyuma ya kuba la jengo. Wafu wakashuka kwenye basi, wakapanda ngazi, wakajipanga kwenye mlango wa kukagua chuma. Mlango ukalia kwa kila mmoja.

"Migongoni," Fontella alimwambia mlinzi. "Ni pini."

Mlinzi akamgeuza Ozella, akatazama. Alikuwa kijana mweusi mwenye mabega mapana. Akafungua kamba ya pembeni, akaishika juu hadi wa mwisho alipopita.

Ukumbi ulikuwa umejaa, hivyo wafu wakasimama kandokando ya ukuta. Mwenyekiti wa kamati, Royce Hadley, mzee mwenye sauti ya upole, akamwonyesha Vernita kiti chenye kipaza sauti.

"Dakika mbili, mama."

"Waheshimiwa," Vernita alisema, "shule ya ng'ambo ya reli ina mlango mzuri kuliko wetu. Una kioo cha rangi. Lakini ule ni mlango unaochagua. Wetu umepinda na hauna kufuli zima, na hauchagui. Mtoto asiyeona huingia. Mtoto aliyelala kwenye gari huingia. Mtoto wa mfungwa huingia, na mtoto wa askari aliyemfunga huingia, na wanakaa meza moja wanakula maharage. Mkichukua fedha kwenye mlango usiochagua mkazipeleka kwenye mlango unaochagua, mnajua watakaobaki nje ni akina nani. Ninyi mnajua. Mimi niliambiwa nilete idadi. Nimewaleta wenyewe."

Taa nyekundu ikawaka. Mwenyekiti Hadley akavua miwani, akatazama ukutani.

"Wale ni wanafunzi wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sheria inasema mwanafunzi ni mtu wa kuanzia miaka mitano hadi ishirini na mmoja."

"Walikuwa na umri huo walipokuja mara ya kwanza, Mheshimiwa. Jimbo likawarudisha shambani."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Hilo ni kweli," alisema. "Babu yangu alikuwa mjumbe wa kamati hii." Akavaa miwani yake. "Ahsante, mama. Lakini sheria haiwahesabu. Tunaendelea."

Aliyebaki alikuwa mwenye mswada, ambaye kwa desturi husema mwisho kabla ya kura. Alikuwa Mwakilishi Tanner Colley, kijana wa vitongoji vipya vya mji mkuu, katika mwaka wake wa kwanza bungeni. Alisimama vizuri, akaanza vizuri, akasema juu ya mama mmoja aliyemwandikia. Kisha akafungua ukurasa wa pili, na haukuwa ukurasa wa pili. Akapekua. Karatasi zikatoa sauti kwenye kipaza sauti kama kuku anayekung'uta mbawa. Mjumbe mmoja akacheka ndani ya kiganja. Kijana akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Masikio yake yakawa mekundu.

Katika makanisa ya Delta, nchi hii ya mto na pamba, mtu haachwi azame mimbarini. Mtoto akisahau mistari yake ya Pasaka, kanisa zima humshika kwa sauti mpaka aione njia. Hakuna anayeuliza mtoto ni wa nani, wala mistari inasema nini. Watu waliolelewa humo hawafikirii jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kumpisha mjamzito kwenye ngazi.

"Taratibu, mwanangu," Ozella alisema kutoka ukutani.

"Msaidie, Bwana," alisema Shemasi Turnage.

"Usiogope, baba. Ipo. Itakuja."

"Sema tu. Tunakusikia."

Sauti zilikuwa za chini, zenye unyevu wa udongo, na zilimzunguka kijana yule pande tatu za ukumbi. Vernita alisikia sauti nyingine karibu zaidi ikisema, "Ndiyo, mwanangu, endelea," na alipofunga mdomo alijua ilikuwa yake.

Colley akavuta pumzi. Akaweka karatasi chini. Akasema bila kusoma juu ya mama yule, ambaye mtoto wake alionewa shuleni mpaka akaacha kula, na alisema vizuri, kwa sababu aliamini kila neno. Alipomaliza macho yake yalikuwa na machozi. Akawageukia wale waliokuwa ukutani, akaweka mkono kifuani, akainama.

Kamati ikapiga kura. Mswada ukapita.

Watu walipokuwa wanatoka, Vernita alipita karibu na meza ya karani wa kamati, mwanamke nadhifu mwenye mwandiko mzuri. Alisoma maandishi yaliyopinduka, kama walimu wote wanavyoweza. Karani alikuwa ameandika kwamba wakazi wa Tolliver, walio hai na waliokufa, walijitokeza kwa wingi na kumuunga mkono mwenye mswada kwa sauti.

"Dada, hapana," Vernita alisema. "Sisi tunapinga."

"Mlimtia moyo, au hamkumtia?"

"Tulimtia moyo mtu. Hatukuutia moyo mswada."

Karani akamwonea huruma ya kweli. "Mama, mimi nina sehemu mbili tu. Wanaounga mkono na wanaopinga. Ya mtu sina."

"Basi tuondoe kabisa. Mwenyekiti amekataa kuwahesabu hawa."

"Amekataa kuwahesabu kama wanafunzi," karani alisema. "Kama watoa maoni hakuna sheria inayowazuia. Hakuna kikomo cha umri." Akapuliza wino, akafunga jalada.

Taa za mji mkuu zikabaki nyuma ya basi. Lemuel Cobb ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Katika kaunti yetu wafu wamepigishwa kura miaka mingi," alisema. "Lakini angalau zamani walikuwa hawasumbuliwi kusafiri."

Shemasi Turnage hakucheka. "Mimi nilipokuwa hai nilikwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Wakanipa ukurasa niusome. Wakajua siwezi. Leo nimefungua mdomo mara moja, na wameniandika wenyewe."

"Bibi," Vernita alisema. Sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu. "Kwa nini? Walikuwa wanamcheka watu wake mwenyewe. Angeshindwa. Labda kura ingekuwa nyingine. Kwa nini hukumwacha?"

Ozella alikuwa anatazama dirishani. "Mtoto alikuwa anazama, Nita."

"Ni mtoto wa watu wanaotuzamisha sisi."

"Ndiyo. Nimemwona." Akavua glavu moja, akaikunja mapajani. "Ningemwacha, ningekuwa nimekuja kujifunza nini?"

Vernita alifunga macho akajaribu kumwombea Tanner Colley, na hakuweza, akaomba tu aweze siku nyingine. Nyuma yake Dub Sawyer, ambaye hakuwa amesema neno ukumbini, aliuliza kwa sauti ya chini kama kesho kuna darasa.

"Kesho kuna darasa," Vernita alisema.

Sheria ikatiwa saini majira ya kuchipua. Shule ya ng'ambo ya reli ikapandisha ada kwa kiasi kilekile serikali ilichotoa, kwa hiyo waliokuwa hawawezi waliendelea kutoweza. Mama yake Deja Rials alijaribu. Akampigia binti yake gauni pasi, akampeleka kupimwa. Waliambiwa mtoto ni mwerevu sana, ila jengo lina ngazi, na katika mipango yao hakuna mpango wa kuziondoa. Tabasamu lilikuwepo. Deja alirudi Tolliver siku hiyohiyo, akaweka magongo kando, akamwonyesha Ozella jinsi ya kuandika herufi ndogo ya g.

Mwenyekiti Hadley aliandika barua ya shukrani kwa wakazi wa Tolliver kwa mchango wao. Mwakilishi Colley akatuma kikapu cha matunda. Fontella aliyagawa matunda kwa watoto, moja moja, na kikapu akakitumia kuwekea pini.

Mwezi wa Mei shule ilifungwa. Madawati yalichukuliwa na lori, na picha za wahitimu zikatolewa ukutani zikabaki alama za mraba zilizo safi kuliko ukuta. Watoto walipewa ratiba ya basi jipya. Deja alipaswa kuwa barabarani kabla jua halijachomoza. Vernita aliambiwa astaafu, akastaafu. Mtu wa jimbo alikuja na mnyororo na kufuli kubwa, jipya, akaufunga mlango uliopinda, akagongomea tangazo juu yake kwa misumari minne.

Siku ile jua liliposhuka, Vernita alikuwa ameketi kwenye ngazi za shule na kiti cha kukunja ambacho hakukikalia. Aliwaona wakija kwa njia ya mfereji, wakiwa wamevaa nguo zile zile, Ozella mbele na Turnage akimfuata, na Dub Sawyer nyuma akiwa amembeba mmoja wa wale dada wa homa mgongoni kwa sababu changarawe zilimchoma miguu.

Vernita akainuka. Alikuwa ametayarisha jinsi ya kuwaambia. Alikuwa amekesha akiomba maneno, na maneno alipewa, mazuri, ya kufariji. Lakini Ozella hakumngoja. Alikuwa ameuona ubao mweupe mlangoni wenye herufi nyeusi, kubwa, zilizopigwa safi bila mapambo. Akapanda ngazi, akasimama mbele yake, akaweka kidole cha glavu chini ya herufi ya kwanza.

"Shu," alisema. "Shu-le. Shule."

Vernita alifungua mdomo, akaufunga.

"Shule hi-i. Hii. I-me... ime..." Kidole kikasita. Ozella akarudi nyuma, akaanza neno upya. Hakumtazama mtu. "I-me-fu-ngwa. Imefungwa." Akateremka mstari wa pili. "Wa-na-fu-nzi. Hilo nalijua. Wanafunzi wo-te wa-ta-po-ke-le-wa... watapokelewa ma-ka-o ma-ku-u. Makao makuu. Ha-ku-na. Hakuna ru-hu-sa. Ku-i-ngi-a. Kuingia."

Akafika kwenye nukta ya mwisho, akaigusa. Akalipitia tangazo lote tena kwa macho tu, midomo ikitembea bila sauti, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Kisha akageuka.

"Nimesoma, Nita?"

"Umesoma, Bibi."

"Lote?"

"Lote."

"Hukunisaidia?"

"Sikukusaidia."

Ozella akashika ukingo wa ngazi, akakaa polepole, mikono mapajani. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyerudi kutoka meza ya Bwana. Chini ya ngazi, Shemasi Turnage alikuwa amekwisha kuvua kofia.

"Mwalimu," alisema, "na mimi nijaribu."

"Na mimi," alisema Dub Sawyer.

Wakapanga mstari kuanzia ngazi hadi kwenye mlingoti wa bendera. Vernita akasimama kando ya mlango, akaweka kidole chake chini ya neno la kwanza, akamwita anayefuata.